Lokole, mti wenye kusema

Wazee wa Kilokele, kwenye Mto Kongo upande wa Kisangani, walichonga lokole katika gogo moja, bila ngozi. Iko na midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Tumbo tupu ndilo linavumisha habari mpaka mbali.

Lokole inafuata sauti za lugha yenyewe. «Songe» (mwezi) na «koko» (kuku) ziko na mlio mmoja. Juu ya hiyo mpigaji anarefusha: mwezi unaotazama dunia, kuku mdogo mwenye kulia kiokio. Mmisionere John Carrington aliyaandika katika kitabu mwaka 1949.

Lakini mtoto asiyejua Kilokele anasikia kelele tu. Tusipomfundisha lugha ya nyumbani, tutabaki na mti mtupu.