Mtoto wa Kike na Shamba la Baba

Msafiri apandaye vilima vya Kisii na Nyamira huona mashamba yaliyogawanyika mithili ya viraka vya nguo. Hapa pana migomba, pale pana chai, na kabla jicho halijatua boma jingine limeanza. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya 1,260,000, yaani zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba; Nyamira ilikuwa na zaidi ya 600,000. Msongamano huo una historia yake, na mtoto wa kike ana sehemu kubwa katika historia hiyo, ijapokuwa jina lake ni nadra kuonekana katika hati ya shamba.

Hapo kale nchi ya Wagusii ilikuwa na nafasi. Mume aliweza kuoa wake kadhaa, na kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake na ng'ombe wa nyumba hiyo. Mwana wa kiume alirithi ardhi iliyolimwa na mama yake. Binti hakurithi ardhi, lakini ng'ombe wa mahari yake waliingia katika nyumba ya mama yake, na ndugu yake aliwatumia kuolea. Basi binti hakuwa mtu bure: bila dada, kaka alikosa ng'ombe. Lakini bila mwana wa kiume nyumba nzima ilikosa mrithi. Mama aliyepatwa na msiba huo aliweza kutoa ng'ombe na kuoa mke, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake. Desturi hiyo yatuonyesha jinsi haja ya mrithi ilivyokuwa nzito.

Mwaka 1907 Waingereza walijenga kituo cha utawala Kisii. Katika miaka ya 1930 kahawa ilianza kupandwa, na baadaye pareto na chai. Ardhi ikawa fedha. Mashamba yalipopimwa na kuandikishwa baada ya uhuru, hati zilitolewa kwa kawaida kwa majina ya wanaume. Wakati huo huo dawa zilipunguza vifo vya watoto wachanga, na watu wakaongezeka upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa, kwa wastani, watoto 8.

Serikali ilikuwa imekwisha kuona jambo hilo. Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, miongoni mwa nchi za kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Watu walishauriwa, hawakulazimishwa. Hata hivyo kwa miaka mingi ushauri huo haukuitikiwa sana. Mshauri alizungumza juu ya idadi ya watoto, na mzazi alifikiri juu ya mrithi. Mwenye binti wanne akiambiwa kwamba wametosha, moyoni mwake aliona kwamba bado hajaanza.

Nani aliyelipa gharama? Walilipa watoto. Mama aliyetafuta mwana wa kiume alishika mimba mapema, na mtoto aliyekuwa mgongoni akateremshwa kabla ya wakati wake. Alikabidhiwa omoreri, yaani mlezi mdogo, ambaye mara nyingi alikuwa dada asiyetimiza miaka kumi. Karo ilipopungua, binti aliachishwa shule kwa sababu ataolewa, na kaka akaendelea kwa sababu atabaki nyumbani. Wala wavulana hawakusalimika: walipokuwa wengi, shamba liligawanywa hata ndugu wakagombana kwa ajili ya mpaka.

Tutazame pia nchi ya mbali. China ilishurutisha kila familia iwe na mtoto mmoja tangu mwaka 1980 hadi mwisho wa mwaka 2015, isipokuwa wale walioruhusiwa zaidi. Idadi ilibanwa, lakini tamaa ya mwana wa kiume haikuondolewa. Mimba nyingi za watoto wa kike zikatolewa, na wasichana wengine wakatupwa. Mwaka 2010 walizaliwa wavulana wapatao 118 kwa kila wasichana 100, ilhali kwa kawaida ya maumbile huwa kama 105. Kenya haikupita njia hiyo, lakini funzo ni moja: apunguzaye idadi ya watoto bila kugusa sababu ya kuwachagua, humtwika mtoto wa kike mzigo wote.

Sababu yenyewe ni urithi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake, na Katiba ya mwaka 2010 imekataza ubaguzi kati ya mwanamke na mwanamume. Kufikia mwaka 2022 wastani wa uzazi nchini ulikuwa umeshuka hadi watoto 3.4. Lakini sheria ni jambo moja, na kikao cha wazee kando ya mpaka wa shamba ni jambo jingine. Binti wengi bado huogopa kudai fungu lao, wasije wakaonekana kuwa adui za ndugu zao.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Desturi ya kumpendelea mwana wa kiume iliundwa na watu, wakati ardhi ilipokuwa tele na mahari ilipomfanya dada kuwa nguzo ya kaka. Ardhi hiyo tele haipo tena. Walioketi leo darasani, wavulana kwa wasichana, ndio watakaogawa mashamba kesho. Na siku binti atakapohesabiwa katika mgawo huo, mzazi mwenye binti wanne ataweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba wametosha.