Mbio Ambazo Hazikukimbiwa

Leo, katika somo letu la historia, tutazungumza juu ya mbio mbili. Za kwanza zilikimbiwa. Za pili hazikukimbiwa, nazo ndizo zenye fundisho kubwa zaidi.

Mbio za kwanza zilifanyika Christchurch, katika nchi ya New Zealand, tarehe 2 Februari, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500. Wakimbiaji wengi hukaa nyuma ya wenzao wakiweka nguvu akiba. Bayi hakufanya hivyo. Alitangulia tangu mwanzo, wala hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa John Walker, mwenyeji, aliyeachwa kwa sekunde 0.3 tu. Yeye pia aliipita rekodi ya zamani.

Basi wapenzi wa michezo wakangoja mwaka 1976, wawili hawa wapambane tena Montreal, Kanada, kwenye Michezo ya Olimpiki.

Hawakupambana. Kwa nini?

Wakati ule Afrika ya Kusini ilitawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Hata michezoni watu walitenganishwa kwa rangi zao. Kwa sababu hiyo nchi hiyo ilizuiwa kwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na mwaka 1970 ikafukuzwa katika chama cha Olimpiki. Lakini mwaka 1976 timu ya New Zealand ya rugbi, yaani mpira unaochezwa kwa mikono na miguu, ilipanga kwenda kucheza huko. Tarehe 16 Juni mwaka huo, polisi wa Afrika ya Kusini waliwapiga risasi watoto wa shule walioandamana Soweto. Hata hivyo timu ile ilikwenda.

Nchi za Afrika zikataka New Zealand itolewe Montreal. Wakuu wa Olimpiki walikataa, wakisema rugbi haikuwa mchezo wa Olimpiki. Hapo zaidi ya nchi 20, karibu zote za Afrika, zikasusia. Kususia ni kukataa kushiriki ili kuonyesha kwamba jambo fulani halikubaliki. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Bayi hakukimbia. Walker alipata nishani ya dhahabu.

Je, ilikuwa haki? Tuseme kweli, ndugu zangu. Bayi hakuwa na kosa, wala Walker hakuwa na kosa. Miaka ya nguvu za mkimbiaji ni michache, ikipita hairudi. Mwaka 1980, huko Moscow, Bayi alipata nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Lakini dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Hata hivyo, fikirini desturi zetu. Jirani akifiwa, ngoma hunyamaza. Hatusemi, "Msiba si wa nyumba hii." Nchi za Afrika zilifanya vivyo hivyo mbele ya ulimwengu.

Mwaka 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, pamoja na wa New Zealand, walikubaliana kwamba kila serikali ijitahidi kuzuia michezo na Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Nchi hiyo ilirudi katika Olimpiki mwaka 1992, Barcelona, baada ya sheria kuu za ubaguzi kufutwa. Si michezo peke yake iliyoleta badiliko hilo, bali michezo nayo ilitoa mchango wake, na wachezaji walilipa sehemu ya gharama.

Sasa zungumzeni darasani:
1. Kususia maana yake nini?
2. Kwa nini Bayi na Walker hawakupambana mwaka 1976?
3. Kama mwanao angekuwa mkimbiaji yule, ungemwambia nini?

Mpaka somo lijalo, kwaherini.