Programu iko mu mashini lakini inakataa kufunguka: sababu ni nini?

Ordinatere ya zamani ya studio inakufa kiisha miaka mingi ya vumbi na kuranti inayokatikakatika. Pahali pake wanaweka mashini ndogo aina ya Raspberry Pi, juu inakula kuranti kidogo na inaweza kutumika na paneli ya jua. Wanaweka programu ya kufasiri QEMU, wanakopia programu ile ile ya zamani, wanaandika jina lake, wanabonyeza. Mashini inajibu kwa Kifaransa chake: « Aucun fichier ou dossier ».

Faili iko pale, kila mutu anaiona. Wamoja wanafikiri diski imeharibika, wengine wanalaumu virusi. Mara nyingi si moja wala nyingine. Mashini inasema ukweli, lakini haisemi ukweli wote: kitu kinachokosekana si programu, ni kitu ambacho programu inaomba ili iamke.

Kila prosesa na lugha yake

Prosesa haisikie Kifaransa wala Kiswahili. Inasikia amri za namba tu, na kila jamaa ya prosesa iko na amri zake.

Kwenye ordinatere nyingi za mezani na za kubeba kuko jamaa inayoitwa x86. Ilianza na prosesa 8086 ya Intel mwaka wa 1978. Namna yake ya biti 64 ilitungwa na kampuni AMD na ikaingia sokoni mwaka wa 2003. Njo maana kwenye Linux ya Debian inaitwa « amd64 », hata kama prosesa yako ni ya Intel. Mutu akiona jina hilo asiogope, ni yake pia. Ile ya biti 32 inaitwa « i386 ».

Jamaa ya pili ni ARM. Ilizaliwa Uingereza, mu muji wa Cambridge, kwenye kampuni Acorn. Sophie Wilson na Steve Furber ndio waliichora, na prosesa ya kwanza ikatoka mwaka wa 1985. Leo karibu simu zote za kisasa zinatembea na ARM, na Raspberry Pi vilevile tangu ilipotoka mwaka wa 2012.

Programu iliyojengwa kwa x86 ikiwekwa kwenye ARM, ni kama muhubiri mugeni kusimama mbele ya waamini wasiojua lugha yake. Sauti inatoka, lakini hakuna anayeelewa.

Maktaba: vyombo vya kuazima

Lugha si shida moja tu. Programu nyingi hazibebe vyombo vyao vyote. Ya kufungua faili, ya kutoa sauti, ya kuchora dirisha, vyote wanaviazima kwenye maktaba za pamoja, yaani mafaili ambayo programu nyingi zinatumia kwa zamu, sawa kinu kimoja cha nyumba kumi. Kwenye Linux majina yao yanakuwa na « .so » ndani.

Anayewakutanisha ni programu ndogo inayoitwa mupakiaji. Kwa amd64 inakaa /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Kwa i386 ni /lib/ld-linux.so.2. Kwa ARM ya biti 64 ni /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Huyo mupakiaji akikosekana, mashini inasema hakuna faili. Hapo njo ujumbe wa mwanzo unapotokea, hata kwenye ordinatere ya Intel ya biti 64 iliyopewa programu ya biti 32.

Kuko sheria mbili za kushika. Ya kwanza: ndani ya programu moja hauchanganye. Programu ya biti 64 haiwezi kuazima maktaba ya biti 32. Ya pili ni juu ya umri. Maktaba kubwa ya Linux, glibc, inapokea programu zilizojengwa kwa glibc ya zamani, lakini programu iliyojengwa kwa glibc mupya inaweza kukataa kwenye ya zamani. Debian 11 iko na glibc 2.31, Debian 12 iko na 2.36. Programu ikiandika « GLIBC_2.34 not found », inaomba maktaba ya mwaka wa 2021 kwenye mashini iliyobaki nyuma.

Mukalimani anasaidia, lakini pekee haitoshe

Kwa lugha ya prosesa, dawa iko: programu ya kufasiri. QEMU, iliyoanzishwa na Mufaransa Fabrice Bellard mwaka wa 2003, inaweza kuchukua amri za x86 na kuzigeuza kuwa za ARM wakati programu inatembea. Ingine ni Box64, ambayo watu wa Raspberry Pi wanapenda.

Tofauti yao inaonyesha vizuri shida ya maktaba. QEMU inafasiri programu na maktaba zake zote; kwa hiyo unapaswa kuiletea maktaba za x86 pia. Box64 inafasiri programu, lakini kwa maktaba nyingi zinazojulikana inatumia zile za ARM zilizo tayari kwenye mashini. Kazi inapungua na mwendo unaongezeka. Mutu anayeweka QEMU na kusahau maktaba ameleta mukalimani lakini ameacha vyombo nyumbani.

Debian inarahisisha jambo hilo tangu toleo la 7, mwaka wa 2013. Maktaba za kila jamaa zinakaa kwenye chumba chao, mufano /usr/lib/x86_64-linux-gnu na /usr/lib/aarch64-linux-gnu, bila kugombana. Kwenye Debian ya ARM, amri ni hizi:

sudo dpkg --add-architecture amd64
sudo apt update
sudo apt install libc6:amd64

Kiisha, maktaba zingine zinafuata kwa jina, na « :amd64 » nyuma yake. Kwenye Ubuntu ya ARM kuko mutego: mafaili ya ARM na ya amd64 hayakae kwenye seva moja, kwa hiyo lazima kuongeza anwani ya pili kwanza.

Pale mukalimani anashindwa

Kufasiri kunakula nguvu ya prosesa. Programu ya kuandika barua haitaonyesha sana. Kuchanganya sauti nyingi wakati mutangazaji anaongea hewani ni jambo ingine: sauti inaweza kukatika. Jaribu saa nyingi kabla ya kutegemea.

Kisha, programu inayoongoza kifaa, kama meza ya sauti, haifasiriwe kwa njia hii. Inapaswa kujengwa kwa prosesa ile ile ya mashini.

Na mukalimani hakai milele. Apple ilipohamia Intel mwaka wa 2006 iliweka mufasiri Rosetta ili programu za PowerPC ziendelee. Mwaka wa 2011, mu Mac OS X 10.7, iliiondoa. Mutu aliyebaki na programu na kazi zake za zamani alipoteza njia ya kuzifungua kwenye mashini mupya. Radio iliyoweka hifazi yake ya sauti mu aina ya faili inayofunguliwa na programu moja tu, iko kwenye hatari ile ile. Wakati mufasiri bado anatembea njo wakati wa kugeuza hifazi kuwa WAV ao FLAC, zinazosomwa na programu nyingi.

Kabla ya kuita fundi ao kununua

Kwanza, andika « uname -m ». Jibu x86_64 ni Intel ao AMD ya biti 64, aarch64 ni ARM ya biti 64.

Pili, andika « file » na jina la programu. Itaonyesha prosesa inayoomba, na mara nyingi mupakiaji wake.

Tatu, kama prosesa ni moja, andika « ldd » na jina la programu. Kila mustari wenye « not found » ni maktaba inayokosekana. Kwenye programu ya prosesa ingine ldd inaweza kudanganya, ikisema programu haiazime kitu. Na usiitumie kwa programu usiyojua ilitoka wapi, juu inaweza kuiamsha. Tumia « readelf -d ».

Usibadilishe jina la maktaba mupya ili ifanane na ya zamani. Debian 12 iko na libssl.so.3, kuipa jina libssl.so.1.1 ni kuweka kifuniko cha sufuria ingine. Inaweza kukubali leo na kuanguka kesho katikati ya habari.

Mwisho, uliza kama programu iko tayari kwa ARM, ao kama maandishi yake ya asili yanapatikana. Kuijenga upya kwa prosesa yako ni bora kuliko mukalimani yeyote. Na kama haiwezekane, bora kujua mbele ya kulipa: ordinatere ya occasion yenye Intel inaweza kukutoka bei rahisi kuliko mashini mupya isiyosikia lugha ya kazi yako.