Msondo Ngoma: Bendi Iliyowazika Wamiliki Watatu

Mkazi wa Vingunguti, Dar es Salaam, wa miaka ya 1970 aliishi jirani na karibu kila kilichoijenga bendi hii. Viwanda vya Barabara ya Pugu, ambayo siku hizi ni ya Nyerere, vilijaa wafanyakazi waliokatwa ada ya chama kwenye mishahara yao, na chama hicho ndicho kilichonunua magitaa na tarumbeta. Studio za Redio Tanzania Dar es Salaam zilikuwa kwenye barabara hiyohiyo. Ukumbi wa Amana, pale Ilala, haukuwa mbali kwa mtu aliyezoea kutembea.

Chama chenyewe kilikuwa NUTA, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya serikali kuvifuta vyama huru vya wafanyakazi. Mwaka huohuo ikaanzishwa NUTA Jazz Band. Huo ukawa mtindo wa nchi: kiwanda cha nguo kikawa na Urafiki Jazz, polisi wakawa na Polisi Jazz, shirika la bima likawa na Bima Lee. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi, vyombo mali ya mwajiri, na jina la bendi mali ya mwajiri pia.

Kwingineko haikuwa hivyo. Kundi la Kimarekani la R.E.M., lililoanza Georgia mwaka 1980, lilikuwa mali ya wapigaji wake wanne. Mpiga dramu Bill Berry alipoondoka mwaka 1997, watatu waliobaki waliendelea na jina lilelile mpaka walipovunja kundi mwaka 2011. Dar es Salaam mpigaji aliondoka na vidole vyake tu.

Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe, ni mfano ulio wazi. Aliingia NUTA Jazz katika siku zake za mwanzo, sauti yake ikawa nembo ya bendi. Mwaka 1978, wakati chama kimeshageuka JUWATA na bendi imebadilishwa jina kukifuata, alihamia bendi ya Mlimani Park, na mwenzake Hassan Bitchuka naye akapita njia hiyo. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi nyumbani, akaikuta bendi ingalipo. Uhamisho wa namna hiyo ungeua bendi nyingi. Huu uliwapa mashabiki ushindani mtamu wa Msondo, yaani JUWATA, na Sikinde, yaani Mlimani Park, wakigawana mji kama Simba na Yanga.

Kilichoibakiza bendi ya JUWATA hai, kwa sikio langu, ni mgongo wa vyombo kuliko waimbaji. Nyimbo za miaka ya 1960 zilibanwa na santuri ndogo zilizotengenezwa Nairobi, dakika tatu hivi kila upande: beti, kiitikio, gitaa kidogo, mwisho. Rumba ya Cuba na ya Kongo inasikika humo bila kujificha. Utepe wa studio ya redio ukalegeza kamba hiyo. Wimbo ukaanza taratibu kwa kisa cha mke, mume na wambea, kisha ukaingia chemko, ambamo waimbaji hukiacha kisa, magitaa yakapokezana na tarumbeta na saksafoni, na ukumbi mzima ukasimama. Kila kitu kilirekodiwa papo kwa papo, wote chumba kimoja. Aliyekosea aliwarudisha wenzake mwanzo.

Mpiga solo Said Mabera, aliyejiunga mwaka 1973, ndiye aliyeufanya mgongo huo kuwa mgumu kuvunjika. Hakupenda kujionyesha. Alishika kipande kifupi cha sauti na kukirudia, akikigeuza kidogo kidogo, huku besi ikisukuma kwa uzito ambao Sikinde, pamoja na unadhifu wao wote, hawakuutafuta. Mtindo huo uliitwa Msondo, jina la ngoma ndefu ya watu wa Pwani.

Mwaka 1991 JUWATA ikafa, ikazaliwa OTTU, na bendi ikavaa jina la tatu. Hapa ndipo nyota ya mwimbaji TX Moshi William ilipowaka. Herufi TX zilitoka kwenye namba za magari ya wataalamu wa kigeni. Mashabiki walimpa mtu wao cheo hicho bila kuomba kibali. Wimbo wake Piga Ua Talaka Utatoa ulipendwa na vijana ambao redio mpya za FM zilikuwa zikiwavuta kwenye bongo fleva. Alifariki mwaka 2006. Wakati huo OTTU nayo ilikuwa imeshakufa, na bendi, ikiwa haina chama cha kuilisha, ilikuwa imejiita kwa jina la mtindo wake: Msondo Ngoma.

Gurumo alistaafu mwaka 2013. Mwaka huo nyota wa bongo fleva Diamond Platnumz alimzawadia gari, kwa kuwa mzee huyo hakuwahi kumiliki hata moja katika miaka zaidi ya hamsini ya muziki. Alifariki tarehe 13 Aprili 2014.

Vingunguti ya leo inacheza singeli, muziki unaotengenezwa na kijana mmoja mwenye kompyuta, na jina lake liko juu ya kazi yake. Wapigaji wa NUTA na JUWATA hawakupata heshima hiyo; wengi wao wamefichwa nyuma ya majina ya vyama vilivyokwisha kufutwa. Kanda zao ziko mikononi mwa TBC, mrithi wa Redio Tanzania. Shirika lizitoe kwa wananchi, na kila wimbo uandikwe nani alipiga solo, nani besi, nani alipuliza tarumbeta, wakati wapo wazee wanaoweza kuwataja.