Cyrene: Mji wa Kigiriki Ulioonyeshwa Njia na Walibya

Vitabu vingi huutaja mji wa Cyrene kama kipande cha Ugiriki kilichovushwa bahari na kupandwa Afrika. Ulianzishwa mnamo mwaka 631 KK na watu wa kisiwa cha Thera, katika nyanda za juu za Jebel Akhdar, mashariki mwa Libya ya leo. Wakazi wake walisema Kigiriki, walimjengea Zeus hekalu kubwa kama Parthenon ya Athens, na humo alizaliwa Eratosthenes, aliyekadiria mzingo wa dunia. Hayo yote ni kweli. Lakini ushahidi walioacha Wagiriki wenyewe unaonyesha kwamba Walibya, wenyeji wa nchi ile, walikuwa na mkono katika kuundwa kwa mji huo tangu mwanzo. Anayewaacha nje hawezi kueleza mji ulifikaje pale ulipo, wala raia wake walikuwa akina nani.

Tuanze na mahali penyewe. Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anasimulia kwamba Thera ilikumbwa na ukame wa miaka saba, na waaguzi wa Apollo kule Delphi wakawaagiza watu wake wakajenge mji Libya. Vijana walichaguliwa kwa kura, wakaondoka na meli mbili za makasia hamsini, Battus akiwa kiongozi wao. Walikaa miaka miwili katika kisiwa cha Platea bila mafanikio, kisha miaka sita pwani, mahali paitwapo Aziris. Walibya ndio waliowashawishi wahame, wakawaongoza kuelekea magharibi, wakawapitisha Irasa usiku ili wasiione ardhi iliyo nzuri kuliko zote, na kuwafikisha kwenye chemchemi ambako, walivyowaambia, mbingu ina tundu. Maana yake ni kwamba mvua ya hapo haikosi. Wenyeji walijua nchi yao, walijua wanachotaka kutoa na wanachotaka kubaki nacho. Tena, msafara unaosimuliwa ni wa wanaume. Ni vigumu kuona familia za kwanza za Cyrene zilitoka wapi kama si kwa mama wa Kilibya.

Desturi zilifuata damu. Herodotus huyo huyo anasema wanawake wa Cyrene walijizuia kula nyama ya ng'ombe, mwiko walioushiriki na Walibya, na kwamba Wagiriki walijifunza kwa Walibya kufunga farasi wanne kwenye gari moja. Anadhani hata vigelegele vya ibadani vilitoka kwao, kwa kuwa wanawake wa Libya walivipiga vizuri mno. Mwaka 462 KK mfalme Arcesilaus IV alipata ushindi wa mbio za magari kule Delphi, na mshairi Pindar akamtungia tenzi mbili za sifa. Kama Herodotus yuko sahihi, ushindi huo uliopendeza Wagiriki wote ulitokana na ujuzi wa Kiafrika.

Wapo watakaopinga kwamba picha hii inaficha unyang'anyi. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupunguzwa. Chini ya mfalme Battus II walowezi wapya waliitwa kwa ahadi ya kugawiwa ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa ya Walibya. Mfalme wao Adicran aliomba msaada kwa Apries wa Misri, ambaye jeshi lake lilishindwa vibaya karibu na Irasa mnamo 570 KK. Baadaye Walibya walilipiza: Herodotus anataja askari 7,000 wa Cyrene waliouawa katika vita moja. Hata hivyo, vita hiyo ilizuka baada ya ndugu wa mfalme wa Cyrene kugombana naye, wakaenda kuanzisha mji wa Barca na kuwachochea Walibya waasi. Muda si mrefu Barca ilikuwa na mtawala mwenye jina la Kilibya, Alazir, na mfalme wa Cyrene alioa binti yake. Uporaji na undugu vilikwenda pamoja, na kimoja hakifuti kingine.

Pingamizi la pili ni kwamba Herodotus alipenda visa vya ajabu. Basi tumwache kando, tuusome ushahidi wa jiwe. Mwishoni mwa karne ya 4 KK Ptolemy, mtawala wa Misri, aliupa mji katiba iliyochongwa kwenye jiwe. Inawahesabu kuwa raia watoto wa baba na mama wa Cyrene, na pia watoto waliozaliwa na wanawake wa Kilibya wa eneo lililotajwa mipaka yake. Athens, tangu sheria ya Pericles ya 451 KK, ilidai wazazi wote wawili wawe Waathens. Sheria kama ya Cyrene haitungwi kwa ajili ya watu wachache waliopotea njia. Inatungwa kwa sababu watoto hao walikuwa wengi na wenye nafasi.

Kwa nini basi picha ya Ugiriki mtupu ilidumu? Sehemu ya jibu iko katika ukoloni. Italia iliivamia Libya mwaka 1911, na magofu yakatumiwa kudai kwamba Wazungu walikuwa wanarejea kwao. Sanamu ya Venus iliyopatikana Cyrene mwaka 1913 ilipelekwa Roma na kurudishwa mwaka 2008 tu. Lakini mwaka 1861 wachimbaji Waingereza walikuwa wamekwisha kupata, katika hekalu la Apollo, kichwa cha shaba nyeusi cha mwanamume wa Afrika Kaskazini, kilichotengenezwa mnamo 300 KK kwa ufundi wa hali ya juu. Sasa kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Enzi zake kilikuwa katika patakatifu pa mji, mahali ambapo sanamu ya mtu asiye na heshima isingewekwa.