Mama Aliyeomba Bahari



Ndugu yangu msomaji, somo la leo ni refu kidogo. Kama uko kwenye daladala au kazini, lihifadhi, ukifika nyumbani lisome pamoja na watoto. Ni somo la tarekhe, lakini ndani yake kuna jambo langu mwenyewe ambalo nimelibeba kwa muda na leo nimeona nilitoe, huenda likamfaa mmoja wenu.

Miaka kadhaa iliyopita Allah alituruzuku safari ambayo kwa mfuko wangu nisingeiweza. Shemeji yangu anayeishi Ulaya alitualika, mimi, mke wangu na watoto, tuungane na familia yake katika meli ya kitalii inayozunguka mashariki ya Bahari ya Mediteranea. Tungepandia Iskandaria kule Misri, tupite Kupro (ndiyo Cyprus, na Waarabu huiita Qubrus), kisha Rhodes katika Ugiriki, tumalizie Istanbul.

Mama yangu, Allah amrehemu, alipopata habari aliniuliza neno moja tu: "Na mimi nimo?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, kwa magoti hayo? Na ile bahari si ya kuchezea. Ukianguka huko nitawaambia nini ndugu zangu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya mwanangu. Nisalimieni huko mwendako."

Lishike hilo moyoni, tutalirudia.

BANDARI YA KWANZA: ISKANDARIA

Ukifika Iskandaria watakupeleka kwenye ngome ya Sultan Qaitbay, iliyojengwa karne ya 15 mahali palipokuwa na ule mnara mkubwa wa kale wa kuongoza meli. Watalii hupiga picha wakaondoka. Wewe simama ukutani, utazame maji, ujiulize: Waislamu wa mwanzo, watu wa jangwani, waliingiaje katika bahari hii?

Jibu lake ni kwamba mwanzo hawakuitaka. Sayyidna Umar (r.a.) aliikataa waziwazi. Muawiya, akiwa gavana wa Sham, alimwomba ruhusa ya kuvuka. Inasimuliwa alimweleza kuwa Warumi wako karibu mno, kiasi kwamba watu wa pwani ya Hims wanasikia mbwa wao wakibweka. Umar akamwandikia Amr ibn al-As, aliyekuwa Misri, amweleze bahari ilivyo. Amr akamsawiria kiumbe kikubwa kinachopandwa na viumbe vidogo, mtu juu yake akiwa kama mdudu aliyeng'ang'ania kijiti. Umar aliposoma hayo akasema hatampandisha Mwislamu hata mmoja.

Usimwone Umar kuwa mwoga. Alikuwa ameshaona jeshi la Al-Ala ibn al-Hadrami likivuka maji kwenda Uajemi bila idhini yake, likakwama huko mpaka likatumiwa msaada. Kiongozi anayezihurumia roho za watu hulaumiwa kwa kuchelewa, lakini kesho mbele ya Allah ataulizwa juu ya roho hizo.

Umar akafariki, Uthman (r.a.) akashika ukhalifa. Mwaka wa 25 Hijria, yaani 645 Miladia, meli za Warumi zikaingia bandari hiyohiyo ya Iskandaria na kuuteka mji, na ikabidi Amr aupiganie upya. Hapo kila mtu akaelewa kuwa asiye na meli hana pwani. Muawiya akaomba tena. Uthman akakubali, lakini kwa masharti, na haya tuyazingatie. Asilazimishwe mtu yeyote: anayetaka mwenyewe ndiye apande. Na Muawiya aende na mkewe.

Umeona hekima hiyo? Ukitaka kujua kama kiongozi anaamini chombo ni salama, tazama kama atampandisha mke wake. Muawiya alimchukua mkewe, Fakhita bint Qaraza. Basi safari ya kwanza ya Waislamu katika bahari ile ilikuwa ya vita, lakini ilikuwa na familia ndani yake.

BANDARI YA PILI: KUPRO

Sasa turudi nyuma, Madina, katika kitongoji cha Quba. Kulikuwa na mwanamke wa Kiansari wa ukoo wa Banu Najjar, jina lake Umm Haram bint Milhan. Ni dada wa Umm Sulaym, mama yake Anas ibn Malik. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtembelea, na wanazuoni wamesema alikuwa maharimu wake, wengi wakitaja undugu wa kunyonya.

Siku moja Mtume alikula kwake, akalala, akaamka anacheka. Akamuuliza kinachomchekesha. Akamweleza kuwa ameonyeshwa watu wa umma wake wakipanda bahari katika njia ya Allah, wameketi kama wafalme kwenye viti vyao vya enzi. Umm Haram hakusema "Maashaallah" akaishia hapo. Aliomba: niombee na mimi niwe miongoni mwao. Mtume akamwombea. Akalala tena, akaamka tena anacheka, akaelezea kundi jingine. Umm Haram akaomba tena. Akaambiwa: wewe ni katika wale wa mwanzo. Hadithi hii ameipokea Anas, nayo imo katika Bukhari na Muslim.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Mtume alifariki mwaka wa 11 Hijria. Safari ya Kupro, kwa kauli mashuhuri, ni mwaka wa 28 Hijria, sawa na 649 Miladia. Hata tukihesabu kuanzia siku ya kufariki Mtume, mama huyu alisubiri miaka 17. Akaishi utawala wote wa Abubakar. Akaishi miaka 10 ya Umar, huku bahari ikiwa imefungwa kwa amri ya khalifa. Hatusikii popote kuwa alikwenda kulalamika kwamba ameahidiwa na Mtume na Umar anamzuilia. Alijua ahadi ya kweli haihitaji kuharakishwa.

Na umri je? Anas alikuwa mtoto wa miaka 10 Mtume alipohamia Madina. Mwaka wa 28 Anas mwenyewe anakaribia 40. Huyu ni ndugu wa mama yake! Hakuwa msichana. Alikuwa mtu mzima ambaye katika nyumba zetu tungemwambia, "Mama, wewe tulia, utuombee dua."

Lakini mumewe, Ubada ibn al-Samit (r.a.), hakumwambia hivyo. Ubada ni Swahaba wa Badr, miongoni mwa waliompa Mtume ahadi kule Aqaba. Alimchukua mkewe wakashuka pwani ya Akka, wakapanda merikebu pamoja na Muawiya na wenzao. Watu wa Kupro wakafanya mapatano ya kulipa dinari 7,200 kila mwaka, na wasiwasaidie Warumi dhidi ya Waislamu.

Sitaki nikupambie tarekhe. Vita ni vita. Katika magofu ya Soli, kaskazini-magharibi ya kisiwa, lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kigiriki ya karne hiyohiyo, linalolilia mashambulizi hayo na watu wengi waliochukuliwa mateka. Na vitabu vyetu wenyewe vinasimulia kuwa Kupro ilipofunguliwa na mateka wakawa wanatenganishwa, huku wakilia, Swahaba Abu Dardaa (r.a.) alionekana amekaa peke yake, analia. Akaulizwa, vipi unalia siku Allah aliyoupa Uislamu nguvu? Akajibu kwa maana hii: tazama jinsi viumbe wanavyokuwa duni mbele ya Mola wao wanapoiacha amri yake, hawa walikuwa watu wenye nguvu na ufalme, na leo hali yao ni hii. Ndugu yangu, huyo ndiye mshindi, na machozi yanamtoka. Anayesoma ushindi wa babu zake akavimba kichwa hajamwelewa Abu Dardaa.

Na Umm Haram? Alivuka bahari salama. Mawimbi yale yaliyomtisha Umar hayakumgusa. Kisha akiwa nchi kavu akaletewa baghala ampande, akaanguka, akafariki. Mapokezi mengine yanasema ni walipotoka baharini, mengine yanasema ni walipokuwa wakiondoka kurudi Sham. Akazikwa hapo kisiwani, na wenyeji wakaliita kaburi la mwanamke mwema.

Bahari haikumuua Umm Haram. Alikufa nchi kavu, kwa kuanguka kutoka kwa mnyama ambaye kila siku watu wanampanda kwenda sokoni. Ajali ikiwa imeandikwa, haiulizi uko majini au uko mlangoni kwako.

Meli yetu ilitia nanga Limassol, tukakodi gari mpaka Larnaca, mwendo wa kama saa moja. Kaburi liko kando ya ziwa la chumvi, katika bustani ya mitende, na msikiti uliopo ni wa enzi za Waosmani, wa mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati wa baridi ziwa hujaa heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Tulitoa salamu, tukamwombea yeye na Waislamu wote, tukaswali rakaa mbili msikitini. Na nasisitiza kwa anayejaliwa kufika: unamwombea maiti, humwombi maiti. Usifunge kitambaa, usipanguse ukuta. Umm Haram mwenyewe alipotaka jambo alimtaka Mtume aliye hai amwombee kwa Allah.

BANDARI YA MWISHO: ISTANBUL

Rhodes sitaikalia sana. Waislamu waliifikia mapema, katika zama za Muawiya, na Waosmani wakaichukua mwaka 1522. Ukipita, tafuta maktaba ya Hafiz Ahmed Agha ya mwaka 1793, uwaonyeshe watoto kuwa babu zao hawakuacha kuta na mizinga tu, waliacha na vitabu.

Istanbul tulikwenda Eyüp, nje kidogo ya kuta za kale. Hapo yuko Abu Ayyub al-Ansari (r.a.), yule aliyempokea Mtume nyumbani kwake siku alipoingia Madina. Alitoka na jeshi lililoizingira Konstantinopoli akiwa mzee sana, akaugua kambini. Akausia wakimzika wampeleke mbele kadiri watakavyoweza katika ardhi ya adui. Wakamzika karibu na kuta. Mji wenyewe ulifunguliwa mwaka 1453, zaidi ya miaka 700 baadaye.

Nikawaeleza watoto jambo ambalo wengi hupita bila kulijua: Abu Ayyub naye ni Banu Najjar. Ukoo mmoja na Umm Haram! Wazee wawili wa ukoo mmoja wa Madina, mmoja amelala Kupro na mwingine kwenye kuta za Istanbul, na bahari nzima iko kati yao.

Binti yangu, wakati huo ana miaka 9, akanitazama. Akasema, "Baba, kwa hiyo wote wawili walikuwa wazee?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Basi Bibi mbona tulimwacha?"

Wallahi sikuwa na jibu. Mimi niliyekuwa nikiwasomesha wenzangu tarekhe tangu Iskandaria, mtoto wa miaka 9 amenifunga mdomo.

Tuliporudi nilimwambia mama, tukijaliwa tena utakuwa wa kwanza kupanda. Akacheka akasema inshaallah. Haikuwahi kutokea. Mwaka uliofuata aliteleza uani kwake, mahali alipopita miaka 40, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena. Nilimzuilia bahari kwa kuogopa asianguke, na alianguka nyumbani.

Sisemi kuwa ningemchukua asingekufa. Ajali ni ajali, na hiyo ni itikadi yetu. Wala sisemi tusichukue tahadhari. Umar alichukua tahadhari, na Uthman aliweka masharti. Ninachosema ni kwamba Umar aliuliza kabla ya kukataa, aliandika barua na akasubiri majibu. Mimi sikuuliza daktari, sikuuliza kama meli ina kigari cha kusukumia wazee, nayo ilikuwa nacho. Nilikiona kwa macho yangu. Mimi nilicheka tu.

Basi ndugu yangu, chukua haya matatu.

Kwanza, usione haya kuomba. Umm Haram alisikia habari njema ya watu wengine, akaomba awemo. Mtoto wako au mzazi wako akikuuliza "na mimi nimo?", jua ameleta ombi zito.

Pili, ukisafiri na familia yako, soma kabla hujaondoka. Bahari ileile mwenzio anaona maji ya buluu na chakula kingi, wewe unaweza kuwaonyesha watoto wako njia ya Maswahaba. Nauli ni ileile.

Tatu, mzee wako akiwa hai, leo mpigie simu. Usimuulize anaumwa wapi. Muulize anatamani kwenda wapi. Huenda si Kupro. Huenda ni kijiji alichozaliwa, au kumwona dada yake ambaye hawajaonana miaka kumi. Kisha tafuta njia kabla hujasema hapana.

Allah awarehemu Umm Haram, Ubada na Abu Ayyub, amrehemu mama yangu na wazazi wenu waliotangulia, na awape afya walio hai na atupe sisi subira na moyo wa kuwahudumia. Aamin.

Ukiona lina faida, mfikishie na mwenzako.

Wabillahi tawfiq.