Shangazi aliuliza: kinga yangu ilikuwa wapi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilimatinde. Tukichambua mchicha, shangazi yangu, ambaye alishatolewa uvimbe titini, akaniuliza: "Mwanangu, wewe si unasomea mambo ya kinga? Hiyo yangu ilikuwa imelala wapi?"

Haikulala. Ila jibu lake lina historia, na kipande chake kimepita hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1975, Stockholm, Rolf Kiessling, Eva Klein na Hans Wigzell waliona katika wengu wa panya seli zinazoua seli za saratani ya damu bila kufundishwa kwanza. Wakaziita wauaji asilia. Hawa ni askari wa zamu ya kwanza, hawangoji siku kadhaa kama seli-T. Sasa, adui wanamjuaje?

Mwaka 1986, Klas Kärre na wenzake wakaonyesha kwamba panya hukataa seli za saratani zilizopoteza kitambulisho ambacho karibu kila seli ya mwili hukibeba usoni. Yaani mlinzi wa geti hakariri sura za wezi, anamkamata asiye na kitambulisho.

Kumbe seli za binadamu zisizo na kitambulisho hicho Eva Klein alikuwa nazo tangu miaka ya 1960. Zilitoka Kenya, kwa kijana mwenye saratani ya Burkitt, kupitia Peter Clifford, daktari wa Nairobi. Maabara zinaziita Daudi. Na ni wakorofi hao! Wauaji asilia waliotulia huwaacha Daudi wengi wakapita. Mpaka wachochewe kwa intalukini-2 ndipo wanawamaliza. Kwa hiyo kukosa kitambulisho peke yake hakutoshi, lazima mlinzi aamshwe.

Kwenye titi mambo ni magumu zaidi. Mwaka 2001, Elaine Lin na Jeffrey Pollard, New York, walichukua panya wanaopata saratani ya matiti, wakawaondolea ishara inayoita makrofaji, seli nyingine za zamu ya kwanza. Uvimbe ukakua vile vile, lakini kusambaa hadi mapafuni kukachelewa. Baadhi ya walinzi, basi, ndio waliokuwa wanafungua geti kwa ndani.

Nilimweleza shangazi yote haya. Yeye akataka habari za yule kijana. Katalogi ya maabara inamwandika hivi: mwanaume, miaka 16, uvimbe wa tundu la jicho. Seli zake bado zinauzwa, zikiwa zimegandishwa kwenye vichupa.